Sura ya Sita: Utando Usiokubali Kutulia

Mvua kubwa ikinyesha kwenye barabara ya lami yenye mteremko, maji hayashuki sawasawa. Unatangulia mstari mmoja wa maji uliokingama barabara nzima, nyuma yake panabaki pembamba, kisha unakuja mwingine, na mwingine tena. Hakuna anayeyasukuma maji hayo. Mvua inanyesha kwa kiasi kilekile, lami haina matuta, mteremko haubadiliki, na bado maji yanajipanga kwa mawimbi. Dereva huyaona na kuyasahau kabla hajafika kona. Wapo watu, hata hivyo, ambao kazi yao yote inategemea kujua mawimbi hayo yanatoka wapi, na wengi wao wamo viwandani, wamezungukwa na mabomba yenye moto.

Chukua mji wa Jubail, Saudi Arabia, kwenye pwani ya Ghuba. Kuna kiwanda cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari chenye mitambo 27, kilichojengwa kutoa kiasi cha mita za ujazo 800,000 za maji matamu kwa siku. Ndani ya kila mtambo mna vyumba vilivyofuatana, na ndani ya kila chumba mna mabomba yaliyolazwa safu juu ya safu. Maji ya bahari humwagwa juu ya safu ya kwanza, yakalizunguka bomba kwa utando mwembamba, yakadondokea bomba la chini yake, na hivyo hivyo hadi sakafuni. Ndani ya bomba unapita mvuke. Mvuke huo unapogeuka kuwa maji hutoa joto, joto linapenya ukuta wa bomba, na utando ulio nje unavukizwa. Mvuke mpya unaotoka kwenye utando hupelekwa kuwa moto wa chumba kinachofuata, ambacho shinikizo lake ni dogo zaidi. Joto moja linafanya kazi mara nyingi. Maziwa ya kutengenezea unga nayo hupitia mitambo ya aina hii, ila kwayo mabomba husimama wima na maziwa hushuka kwa ndani.

Kwa nini utando, na si sufuria kubwa lililojaa? Hesabu yake ni fupi. Maji hayapitishi joto vizuri. Kinachosaidia ni umbali mdogo. Utando wa maji wenye unene wa milimita 0.2, ukiwa na tofauti ya nyuzi 10 tu kati ya ukuta na uso wake, hupitisha takriban wati 30,000 kwa kila mita ya mraba. Ukiongeza unene mara mbili, joto linalopita linapungua nusu. Kwa hiyo mhandisi anataka utando uwe mwembamba kadiri iwezekanavyo, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwani utando mwembamba unaopashwa moto una tabia ya kujipasua wenyewe.

Wa kwanza kuuandikia utando huu hesabu safi alikuwa Mjerumani Wilhelm Nusselt, mwaka 1916. Aliufikiria utando uliotulia kabisa: uso laini, unene mmoja, uzito ukivuta chini na mnato ukizuia. Maji yanayogusa ukuta yamesimama. Kadiri unavyousogelea uso, kasi inaongezeka. Kutokana na hapo Nusselt alipata kanuni ambayo wanafunzi wa uhandisi wanaijua hadi leo: kiasi cha maji kinachopita kinaendana na unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ukitaka unene maradufu, mwaga maji mara nane. Ukimwaga maji maradufu tu, unene unaongezeka kwa asilimia 26 basi. Ishike namba hiyo ya mwisho, tutaihitaji.

Picha ya Nusselt ni nzuri, na ina kasoro moja: karibu haionekani popote duniani. Utando halisi una mawimbi.

Aliyeyatazama mawimbi hayo kwa makini kuliko wote waliomtangulia hakuwa na haja ya kuyatazama, kama siasa zingemwacha. Pyotr Kapitza alikuwa mwanafizikia wa Kisovieti aliyefanya kazi Cambridge na Rutherford, akazuiwa kurudi Uingereza mwaka 1934, akajengewa taasisi yake Moscow, na huko akagundua kwamba heliamu iliyopozwa sana hutiririka bila msuguano. Baada ya vita aligombana na Beria, mkuu wa usalama aliyesimamia mradi wa bomu la atomiki. Mwaka 1946 akanyang'anywa taasisi. Akajifungia kwenye nyumba yake ya mapumziko huko Nikolina Gora, nje ya Moscow, akageuza vibanda vyake kuwa maabara. Mitambo ya kupoza heliamu hakuwa nayo tena. Alichokuwa nacho ni bomba la kioo, maji, spiriti, na mwanawe Sergei, kijana wa miaka ishirini hivi. Baba na mwana waliacha kimiminika kishuke kwenye bomba wakapiga picha za mawimbi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1948 na 1949. Tuzo ya Nobel aliyoipata Kapitza mwaka 1978 ilikuwa ya kazi ya baridi kali, wala si ya hii; lakini namba inayolinganisha mvutano wa uso na mnato katika somo la tando inaitwa namba ya Kapitza.

Katika hesabu za Kapitza limo jambo ambalo viwanda vilikuwa na kila sababu ya kulisikiliza. Mawimbi, alisema, hayaharibu upitishaji wa joto. Yanauongeza, na kwa makadirio yake utando wenye mawimbi hupitisha joto kwa asilimia 21 zaidi ya utando laini unaobeba maji yaleyale. Sababu ni kwamba maji mengi hukusanyika kwenye migongo ya mawimbi, na kati ya mgongo na mgongo panabaki utando mwembamba mrefu ambao joto linaupenya kwa urahisi. Mawimbi makubwa pia huyachanganya maji kwa ndani. Kwa maneno mengine, kutotulia kwa utando ni mali. Swali la kitabu chochote kinachosema kuhusu uthabiti, yaani "utando utatulia au hautatulia?", kwa mwenye kiwanda ni nusu ya swali. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito: hautatulia kwa namna ipi?

Namna ya kwanza inatokana na inesha, ule ukaidi wa kitu kubadili mwendo. Sehemu nene ya utando hukimbia kuliko sehemu nyembamba, kwa sababu uso wake uko mbali zaidi na ukuta unaozuia. Kwa hiyo mgongo mdogo wa maji ukijitokeza, unasonga mbele, tena kwa kasi kuliko maji yenyewe: wimbi refu huenda kwa kasi maradufu ya maji ya usoni. Katika ule utando wetu wa milimita 0.2 kwenye ukuta wa wima, uso unashuka kwa takriban sentimita 20 kwa sekunde na wimbi kwa 40. Sasa tazama upande wa mbele wa mgongo. Maji ya hapo yanafikiwa ghafla na unene mpya. Yalipaswa kuongeza kasi papo hapo, lakini yanachelewa. Upande wa nyuma kinyume chake kinatokea: unene umeshapungua, ila maji yangali na mwendo wa unene uliopita. Nyuma yanaingia mengi, mbele yanatoka machache, na katikati yanarundikana. Mgongo unakua.

Wanaoupinga ukuaji huo ni wawili. Mvutano wa uso hunyoosha viwimbi vifupi, ndiyo maana vinavyosalia ni virefu, urefu wake ukiwa mara nyingi ya unene wa utando. Na kama ukuta umelala kidogo, uzito hushusha mgongo na kuusawazisha. Brooke Benjamin mwaka 1957 na Chia-Shun Yih mwaka 1963 walipima mashindano hayo ya pande mbili na kupata mpaka kamili. Chukua kiasi cha maji kinachopita kwa kila mita ya upana, kigawanye kwa mnato. Hiyo ndiyo namba ya Reynolds. Mawimbi yanaanza namba hiyo inapopita sehemu tano za sita za kotanjenti ya pembe ya mteremko. Kwa barabara inayoshuka mita 1 katika kila mita 10, mpaka ni 8.3, ambao kwa maji ya nyuzi 20 ni kama nusu lita kwa dakika kwa kila mita ya upana, na unene usiofika theluthi moja ya milimita. Ni kidogo sana. Kwa ukuta wa wima mpaka ni sifuri: hakuna utando wa wima uliotulia, hata mmoja. Kapitza alikuwa amedhani kuna kiwango ambacho chini yake ukuta wa wima hautoi mawimbi. Benjamin alionyesha kwamba mawimbi yapo, ila hukua polepole mno hata ukuta ukaisha kabla hayajaonekana.

Kujua mawimbi yataanza lini ni rahisi ukilinganisha na kujua yatakuwa nini baada ya kukua. Milinganyo kamili ya mwendo wa vimiminika ni mizito, na hapa ina ugumu wa ziada: uso wa maji, ambao ndio mpaka wa hesabu, nao ni kitu kinachotafutwa. Kwa miongo mingi kompyuta hazikutosha. Basi watu wakatafuta njia ya mkato kupitia ule wembamba wenyewe. Kama mawimbi ni marefu kuliko unene kwa mbali, mwelekeo wa kwenda ukutani unaweza kuhesabiwa kwa kalamu mapema, ukabakiwa na hesabu ya mwelekeo wa kushuka tu.

David Benney mwaka 1966 aliifuata njia hiyo hadi mwisho wake. Katika modeli yake kila kitu ni mtumwa wa unene: ukijua unene mahali fulani, umejua kasi ya hapo. Unabaki mlinganyo mmoja. Mpaka wake wa kuanza mawimbi ni sahihi kabisa, 8.3 kwa barabara yetu. Lakini ukiusogeza mbali kidogo na mpaka huo, unapatwa na wazimu: mwaka 1983 Pumir, Manneville na Pomeau walionyesha kwamba kuna mahali ambapo wimbi la mlinganyo huu linapanda bila kikomo, likafika urefu usio na mwisho ndani ya muda mfupi. Maji halisi hayafanyi hivyo.

Huko Urusi, Viktor Shkadov alikuwa na njia nyingine tangu mwaka 1967. Aliipa modeli vitu viwili vya kufuatilia, unene na kiasi cha maji kinachopita, kila kimoja na mlinganyo wake, ili maji yaweze kukumbuka mwendo yaliokuja nao. Modeli hii hailipuki. Mawimbi yake yanafanana na ya kweli: mgongo mmoja mkubwa, na mbele yake viwimbi vidogo vya kutangulia. Ila mpaka wake ni mbovu. Kwa barabara ileile inasema 10, kwa sababu imelazimisha mgawanyo wa kasi ndani ya utando uwe na umbo la Nusselt hata pale wimbi linapoupinda.

Modeli moja inajua mlango ulipo lakini haiwezi kuingia ndani. Nyingine inaingia kwa kukosea mlango. Kwa miaka thelathini wahandisi walichagua kati ya hizo mbili. Binafsi ningemchukua Shkadov bila kusita, kwa kuwa mtambo wa kiwandani hufanya kazi mbali na mpaka, na hapo asilimia 20 ya mpakani haina maumivu kama wimbi lisilo na mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Ufaransa, Christian Ruyer-Quil na Paul Manneville waliliondoa tatizo hilo. Waliruhusu umbo la kasi lipinde kidogo, na walipokuwa wakichukua wastani kutoka ukutani hadi usoni walilipa kila tabaka la maji uzito wake badala ya kuyahesabu yote sawa. Mpaka ukarudi kwenye tano za sita, na mawimbi hayakulipuka.

Hadi hapa ukuta wetu ulikuwa baridi. Uwashe moto.

Mvutano wa uso wa maji hupungua yanapopata joto: kwa nyuzi 20 ni milinyutoni 72.8 kwa mita, kwa nyuzi 100 ni 58.9. Sasa chukua utando unaopashwa kutoka ukutani na kupozwa na hewa upande wa nje, na uuchimbe bonde dogo. Chini ya bonde uso umekaribia ukuta wa moto, kwa hiyo una joto zaidi na mvutano mdogo. Pembeni, palipo nene, uso ni wa baridi na mvutano wake ni mkubwa, nao unavuta maji kutoka bondeni. Bonde linazidi kuwa jembamba, linazidi kupata moto, linazidi kunyonywa. Carlo Marangoni wa Italia alieleza mivuto ya aina hii tangu mwaka 1865, na jina lake ndilo linalotumika. Wimbi la Kapitza linahitaji maji yawe na mwendo. Hili halihitaji inesha hata chembe. Linastawi pale utando ulipo mwembamba na wa polepole, yaani palepale ambapo mhandisi anataka kuwa.

D. A. Goussis na R. E. Kelly walizitenganisha namna hizi mwaka 1991 na kukuta kwamba moto pekee una namna mbili. Katika ya kwanza uso unapinda, kama tulivyoona. Katika ya pili uso unabaki karibu tambarare na maji yanazunguka chini yake kwa vijumba vidogo. Ni yale maumbo ya pembe sita ambayo Henri Bénard aliyaona mwaka 1900, na ambayo J. R. A. Pearson mwaka 1958 alithibitisha kihesabu kwamba mvutano wa uso unatosha kuyaleta. Vijumba hivyo huhitaji utando mnene kiasi. Kwa mwenye kiwanda si hatari kubwa, hivyo tuviache.

Hatari iko kwenye mwelekeo. Mawimbi ya inesha hulala yamekingama mteremko, na hupita. Bonde la wimbi hudumu sehemu ndogo ya sekunde kabla mgongo unaofuata haujafika na kuulowesha ukuta upya. Matuta yanayoletwa na joto husimama kwa kufuata mteremko, kutoka juu hadi chini, na hayaendi popote. S. W. Joo, S. H. Davis na S. G. Bankoff walionyesha katika miaka ya 1990 jinsi utando unaopashwa moto unavyojigawa kuwa vijito sambamba, huku maji yote yakihamia kwenye vijito. Huko Novosibirsk, Oleg Kabov na wenzake waliweka kipashio kidogo ndani ya bamba wakakiona kwa macho: kwenye ukingo wa juu wa kipashio maji yanavimba, kwa sababu uso wa baridi ulio juu unayavuta kurudi yalikotoka, na moto ukizidi kiwango fulani uvimbe huo unachanika kuwa vijito vilivyopangana kwa nafasi zinazolingana. Kati ya kijito na kijito bonde halipati wimbi la kuliokoa. Likikauka ndani ya mtambo wa maji ya bahari, chumvi inabaki ukutani na kuwa gamba gumu, na gamba huzuia joto kupita. Ndiyo sababu mojawapo mitambo ya aina ya Jubail hutunzwa chini ya nyuzi 70 hivi.

Modeli za utando wa moto zilijengwa juu ya zile za utando baridi kwa kuongeza kitu cha tatu cha kufuatilia: joto la uso. Ilionekana nyongeza ndogo. Haikuwa. Joto linapobebwa kwa nguvu na maji, hasa ndani ya mgongo mkubwa unaozungusha maji kwa ndani, modeli za mwanzo zilitoa uso wenye baridi kuliko hewa inayoupoza, jambo lisilowezekana, na kazi ya kuzirekebisha ikachukua miaka.

Lipo pia onyo ambalo vitabu vingi hulipitia haraka. Maelezo ya Marangoni niliyoyatoa ni ya utando uliozungukwa na hewa. Ndani ya mtambo hakuna hewa, kuna mvuke mtupu, na uso unaochemkia ndani ya mvuke wake hushikilia joto la kuchemka kila mahali, kwenye bonde na kwenye mgongo. Tofauti ya joto la uso ikikosekana, mvuto wa Marangoni unadhoofu sana. Hapo kinacholimaliza bonde ni uvukizaji wenyewe, ambao ni mkali zaidi palipo pembamba. Chumvi nayo inaingia na hesabu yake. Maji yenye chumvi nyingi yana mvutano mkubwa kuliko yenye chache, na bonde linalovukizwa kwa kasi ndilo linalokolea chumvi kwanza, kwa hiyo linavuta maji kuelekea kwake. Zuiderweg na Harmens waliona jambo la jamii hii mwaka 1958 katika minara ya kutenganisha vimiminika: mchanganyiko ambao mvutano wake unapanda kadiri sehemu nyepesi inavyotoroka hushika ukuta vizuri, na ule ambao mvutano wake unashuka hukatika. Bahari, katika hili, inausaidia utando wake.

Doa kavu likishatokea, modeli zote za sura hii zinanyamaza, kwani zote hudai unene ulio juu ya sifuri. Hartley na Murgatroyd mwaka 1964 walilikabili doa hilo kwa upande mwingine. Waliyatazama maji yanayogonga ukingo wake wa juu na kuuliza kama msukumo wake unaushinda mvutano wa uso unaolishika doa liwe wazi. Ukishinda, doa linafunikwa. Ukishindwa, linakaa. Kutoka kwenye mizani hiyo hupatikana kiasi cha chini kabisa cha maji ambacho kila mita ya mzingo wa bomba lazima ipewe, na ni hapa ile asilimia 26 inapomfaa mhandisi: akimwaga maji maradufu ili kujihami, unene unaongezeka kwa robo tu na kidogo, na mawimbi makubwa zaidi humrudishia sehemu ya joto analopoteza.

Kwa maji ya bahari hilo ni suala la umeme wa pampu. Kwa maziwa ni gumu zaidi. Kadiri maji yanavyoondoka, maziwa yanapungua kiasi na kuongezeka mnato, hivyo bomba lililokuwa limelowa vizuri mwanzoni linaanza kukosa maziwa ya kulifunika mwishoni. Na kuyarudisha yaleyale juu kwa pampu kunayaunguza, maana yanakaa motoni muda mrefu. Wasanifu wa mitambo hiyo huligawa fungu la mabomba kwa kuta za ndani: maziwa mepesi hupewa mabomba mengi, yakipungua yanahamishiwa kwenye sehemu yenye mabomba machache, kisha machache zaidi, ili kila bomba lipate utando wake hadi tone la mwisho.